Umesoma Nini Siku Hizi?

Wasomaji wa Peponi hawaafikiani juu ya ukurasa wa mwisho. Riwaya hiyo ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kuletwa katika Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022 kupitia Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, inamsimulia Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa kwao na tajiri Aziz na kupelekwa pwani. Anaambiwa anakwenda kukaa kwa ami yake. Kumbe babake ana deni, na yeye ndiye rehani. Anakulia dukani, anaandamana na msafara wa biashara hadi bara, anarudi, anapenda, anazuiwa. Kisha wanafika askari wa Wajerumani na kundi la watu waliokamatwa kwa nguvu wawe wapagazi, wanapiga kambi karibu na nyumba, halafu wanaondoka. Yusuf anatoka kuangalia pale walipokuwa. Anakuta mbwa wanakula kinyesi kilichoachwa. Nyuma yake anasikia mlio kama wa komeo likifungwa upande wa bustani. Anatazama huku na huku, kisha anakimbia kuwafuata askari.

Kitabu kinaishia hapo, na hapo ndipo maneno ya wasomaji yanapoanza. Yupo anayesema kijana amepotea: ametoka utumwa mmoja akakimbilia mwingine, na mabwana hawa wapya wana bunduki. Yupo anayeshikilia kwamba hilo ndilo jambo la kwanza Yusuf kulitenda bila kuamrishwa na mtu, kwa hiyo hata kama ni kosa, ni kosa lake mwenyewe. Wa tatu atauliza habari za Amina, aliyelelewa pamoja na Khalil, mwenzake Yusuf wa dukani, kama dada yake, ambaye Yusuf amempenda na sasa anamwacha ndani ya nyumba ileile. Huyo atasema kwa uchungu kuwa wanaume wote wa kitabu hiki wanapata pa kukimbilia, wanawake hawapati. Wa nne, hasa akiwa wa ukoo ambao wazee walisimulia vita vya Wajerumani na Waingereza huku Tanganyika, atanyamaza kidogo kwanza, maana anajua wapagazi wale walipelekwa wapi na ni wengi kiasi gani hawakurudi.

Wote wanne wamesoma ukurasa uleule na hakuna aliyeusoma vibaya. Ukiwasikiliza hadi mwisho, kitabu kinakuwa kikubwa kuliko alivyokiona yeyote kati yao peke yake. Mwandishi ameacha nafasi, wasomaji wameingia, na kila mmoja ameingia na mzigo wake. Maoni ya namna hii, yanayotaja mtu, mahali na tendo, ndiyo yanayostahili saa nzima ya redio, na ndiyo yanayosikika mara chache mno katika nchi zetu zenye wasomaji wengi kuliko inavyodhaniwa.

Swali lenyewe huulizwa kwa wepesi tu, ofisini, msibani, kwenye daladala foleni ikigoma: umesoma nini siku hizi? Tabu iko kwenye jibu. Msomaji aliyekesha na kitabu hadi mwenzake akalalamikia taa husema, "Kizuri, kinafundisha." Basi. Mazungumzo yamekwisha. Aliyeuliza hajui kitabu kinamhusu nani, hajui kimemsikitisha mwenzake au kimemkasirisha, hajui hata kama alikifikisha mwisho. Na msomaji mwenyewe, aliyekuwa na mengi moyoni usiku wa jana, ametoa neno linaloweza kusemwa juu ya kitabu chochote, hata kile ambacho hakukifungua.

Si kwamba hana la kusema. Hivyo ndivyo alivyozoeshwa.

Aliyesoma sekondari Tanzania katika miaka ya 2000 na 2010 ana rafu ya vitabu kichwani anayoshiriki na rika lake zima: Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari, tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds, Ngoswe ya Edwin Semzaba, diwani ya Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib. Hii ni neema, na lazima isemwe kuwa ni neema. Mtu wa Mtwara na mtu wa Bukoba wasiofahamiana kabisa wanaweza kuanza kutaniana kwa jina la Ngoswe, karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu, akampenda Mazoea, na makaratasi ya serikali yakaishia motoni. Sensa inapokaribia, kama ile ya Agosti 2022, jina hilo hurudi midomoni, na makarani wakaonywa kwa utani wasiyafanye ya Ngoswe. Tamthilia ya darasani imekuwa mali ya umma. Vitabu vingapi vina bahati hiyo?

Lakini hebu tuitazame Takadini kwa karibu zaidi. Sekai amekaa miaka mingi bila mtoto. Anapojaliwa, mtoto anazaliwa na ualbino, na desturi ya kijiji inataka auawe. Mama anamfunga mtoto mgongoni na kutoroka naye usiku. Sasa kumbuka ni miaka gani kitabu hiki kilikuwa mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne: ni miaka ileile ambayo, kuanzia mwaka 2007 hivi, redio za Tanzania zilikuwa zikitangaza mauaji ya watu wenye ualbino, wengine wakikatwa viungo kwa imani za kishirikina, hasa mikoa ya kanda ya ziwa. Katika madarasa mengine mwanafunzi mwenye ualbino alikuwa amekaa dawati la mbele kwa sababu ya macho yake, akisikiliza wenzake wakisoma kwa zamu habari za Sekai. Ni nani aliyemuuliza anaona nini katika kitabu hiki? Mtihani ulitaka hoja tatu kutoka kila kitabu: mila zilizopitwa na wakati, nafasi ya mwanamke, mapenzi ya mzazi. Hoja ni za kweli zote tatu. Ila mwanafunzi aliyetetemeka alipofika pale Sekai anapoingia porini hakuwa na mahali pa kuuandika mtetemo huo, na baada ya mwaka mmoja au miwili hakukumbuka tena kwamba alitetemeka. Alizikumbuka hoja tatu.

Kenya hali ni ileile kwa umbo jingine. Kila aliyefanya karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anaijua amri ya kueleza muktadha wa dondoo, alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Ni zoezi zuri la kumfanya mtu asome kwa makini, na aliyelipata sawasawa hawezi kusoma ovyo maisha yake yote. Shida iko kwenye mwongozo, kile kijitabu chembamba kinachouzwa kando ya riwaya, chenye muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika na sifa zao, na majibu yaliyokwisha kupikwa. Wanafunzi wengi husoma mwongozo wakaiacha riwaya. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyochapishwa mwaka 2014 na kutahiniwa kwa miaka kadhaa, inaanza na Ridhaa akiwa mbele ya majivu ya nyumba yake. Jamaa zake wameteketea humo, na aliyewasha moto ni jirani, mtu waliyekuwa wakiamkiana na kusaidiana. Mwandishi hakuitaja Kenya, lakini nchi iliyopitia vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, haihitaji kutajiwa. Watahiniwa walioisoma riwaya hii walikuwa watoto wadogo wakati wa moto ule. Wazazi wao walikuwepo. Hapa palikuwa na nafasi ya kitabu kimoja kusomwa na watu wawili katika nyumba moja, mzazi na mwanawe, na mzazi akasema kwa mara ya kwanza mambo aliyoyafungia kifuani. Kuna nyumba ambamo hilo lilitokea. Mwongozo hauwezi kulifanya litokee, kwa sababu hauna majivu ndani yake, una orodha ya maudhui tu.

Maoni ya msomaji hayahitaji istilahi, wala hayahitaji shahada. Yanahitaji mambo mawili au matatu ya kawaida kabisa. Msomaji ataje pale kitabu kilipomshika: tukio, mtu, hata sentensi anayoweza kuisimulia kwa maneno yake. Aseme kilipomchosha au kumtia shaka, bila kumwogopa mwandishi mwenye jina. Na aseme yeye ni nani mbele ya kitabu hicho, kwa kuwa muuguzi, mvuvi na kadhi hawaisomi riwaya ya ndoa kwa macho mamoja. Anayesikia maoni kama hayo anaweza kuamua kukisoma kitabu, au kukiacha, au kukirudia kile alichodhani amekimaliza.

Hakuna riwaya ya Kiswahili iliyojadiliwa na wasomaji wa kawaida kwa ukali na kwa muda mrefu kama Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliichapisha mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 27. Ni habari za binti wa kisiwa hichohicho, mwenye baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye hataki kusikia habari za mvulana karibu na nyumba yake na anampiga bintiye kwa sababu ya barua. Rosa anapokwenda kusoma mbali, uhuru unamjia wote kwa mkupuo bila mtu wa kumwonyesha njia. Anachezewa, anatoa mimba, anapoteza heshima aliyofundishwa kwamba ndiyo thamani yake yote, na mwisho anajiua. Kitabu kilizuiwa mashuleni. Baadaye kikaruhusiwa, kikafundishwa, kikatahiniwa. Katikati ya kuzuiwa na kuruhusiwa kilisomwa kwa siri, majalada yakiwa yamefunikwa kwa gazeti, na pengine hakikuwahi kusomwa kwa makini zaidi ya hapo.

Ubishi juu ya Rosa ni ule wa nani alaumiwe, na unatofautisha wasomaji kwa umri kuliko kwa elimu. Wasichana wa sekondari humlaumu Zakaria moja kwa moja. Wanaume watu wazima, wengi wao akina baba, huanza kwa kumtetea: alitaka kumlinda. Kisha akitokea mmoja akaisoma upya sehemu ya kipigo, akamwona mama, Regina, asivyoweza kuingilia, utetezi unapungua nguvu. Wapo wanaowalaumu walimu na wakubwa waliomtumia Rosa. Wapo wanaomlaumu Rosa mwenyewe, na hao wasinyamazishwe, wajibiwe. Mwalimu mmoja anayeruhusu kipindi kizima kipotee katika kesi hiyo anawapa wanafunzi wake zaidi ya yule anayeandika ubaoni kwamba dhamira kuu ni malezi. Mwaka 2025, miaka 54 tangu ichapishwe, riwaya hii imetoka Marekani kwa Kiingereza katika tafsiri ya Jay Boss Rubin, na wasomaji wa huko wataianza kesi hiyo upya bila kujua kwamba Ukerewe, Dodoma na Morogoro imekwisha kusikilizwa mara nyingi.

Kulikuwa pia na wasomaji ambao hawakupewa karatasi ya mtihani hata siku moja, na hao walikuwa waamuzi wakali kuliko wote. Ni wasomaji wa riwaya za upelelezi. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, mpelelezi wa Kitanzania anayetumwa Nairobi kufuatilia nyaraka zilizoibwa za wapigania uhuru. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, na Nuru ubavuni mwake. Vitabu hivyo vidogo vilipita mkono hadi mkono bwenini, kambini na kwenye mabasi ya mikoani, hadi majalada yakang'oka na kurasa za mwisho zikapotea, msomaji aliyefuata akalazimika kumtafuta mwenziwe amsimulie mwisho. Wahakiki wa chuo kikuu waliviita riwaya pendwa, na wengine walilitamka jina hilo kwa dharau. Wasomaji hawakujali. Walibishana Gamba na Kiango nani zaidi, walikamata kosa la bunduki iliyopigwa risasi nyingi mno, na kitabu kilichowachosha walikitupa kwenye ukurasa wa ishirini bila kuomba radhi. Uaminifu huo ni hazina. Msomaji anayejua kusema "hapa amenichosha" kwa Musiba anaweza kulisema hata kwa Shaaban Robert, na Shaaban Robert atasimama tu, hana haja ya kulindwa.

Na kwa kweli ukinzani wa wasomaji si jambo geni kwa Waswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa washairi kujibizana, na Shaaban Robert mwenyewe alichapisha humo. Aliyepinga shairi la mwenzake alijibu kwa shairi, kwa vina na mizani, na kabla ya kujibu ilimbidi alisome la mwenzake beti kwa beti, maana akikosea kulielewa angeumbuliwa toleo lijalo. Ukurasa wa mashairi wa gazeti la Taifa Leo umeendeleza ada hiyo Kenya. Ajabu ni kwamba nathari haikupata uwanja wa namna hiyo. Mtu akikosoa riwaya, wengi hudhani amemkosoa mwandishi, ukoo wake na kabila lake.

Filamu ilisaidia kidogo. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999 kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950, iligeuzwa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto Septemba 2021. Ghafla watu waliokuwa wameisoma riwaya kwa ajili ya shule wakawa na sababu ya kuirudia. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza akiwa na miaka 15, anamkimbia mume mwenye umri wa babake na kuingia katika maisha ya Waswahili wa mitaani, anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na kuwindwa na Inspekta Wright na Koplo Matata. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya yenye kurasa zaidi ya 200, kwa hiyo imechagua mapenzi na harakati. Hapo wasomaji wakagawanyika, na mgawanyiko wenyewe una maana.

Wale wa upande wa filamu husifu giza la vichochoro vya Mji Mkongwe, taarabu, na nyuso ambazo hatimaye zimepatikana za kuwawekea Yasmin na Denge. Wale wa upande wa kitabu hudai Yasmin wao. Yasmin wa riwaya ana safari ndefu, ana Mombasa, ana urafiki wake na Mwanaidi, ana siku za kufanya mambo ya kijinga na siku za kujilaumu. Hamsubiri Denge ili awe mtu. Madai hayo ni ya haki. Nguvu kubwa ya Adam Shafi ni kwamba anawaacha wahusika wake wale, walale, wakope, waudhike, kwa kurasa nyingi, na siasa inawajia wakiwa katikati ya maisha. Aliyeitazama filamu tu ameiona Zanzibar nzuri sana. Ashike na kitabu.

Sasa vipo vitabu ambavyo wasomaji huogopa kuvitolea maoni, na kinara wa hivyo ni Nagona. Kezilahabi yuleyule wa Rosa Mistika aliitoa mwaka 1990, kitabu chembamba kabisa, na mwaka uliofuata akaifuatisha na Mzingile. Aliyezoea simulizi yenye kijiji, familia na tatizo anafungua Nagona na kukuta msafiri katika nchi isiyo na jina, watu wanaotokea na kutoweka, maswali juu ya ukweli na kifo yasiyojibiwa. Wengi hukifunga kimyakimya na kujiona wajinga. Hawapaswi. Msomaji aliyesema "nimefika ukurasa wa kumi sikujua niko wapi" ametoa maoni ya kweli na yenye faida, kwa sababu ameeleza kwa usahihi kabisa kile kitabu kinachomfanyia mtu. Swali linalofuata ndilo zuri: je, alipotea kwa kuchoka au kwa kutaka kujua mbele kuna nini? Wapo wanaoirudia Nagona mara ya pili kwa sauti, kama wanavyosoma utenzi, na wanasema inafunguka masikioni kabla ya kufunguka akilini. Wapo wanaosema mwandishi alikwenda mbali mno akawaacha wasomaji wake wa Ukerewe gatini. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na ubishi huo haujaisha hata kidogo.

Mwaka huohuo, tarehe 10 Aprili, mwandishi Ken Walibora alifariki Nairobi kwa kugongwa na gari. Ilikuwa majuma ya kwanza ya korona, kukiwa na amri ya kutotoka nje usiku na mikusanyiko imepigwa marufuku, kwa hiyo wasomaji wake hawakuweza kukutana kumlilia. Walizungumza hewani na magazetini. Wengi hawakuanza na shahada zake wala vyeo vyake. Walianza na Kongowea Mswahili, kijana wa riwaya yake ya Siku Njema anayetoka Tanga baada ya kufiwa na mamake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, na kufunga safari ya kumtafuta babake hadi Kitale. Watu wazima wenye ndevu walieleza walikuwa wapi waliposoma safari hiyo, nani aliwaazima kitabu, na ni mahali gani walipolia wakajifanya wamepatwa na mafua. Hakuna aliyesema kinafundisha. Ilichukua msiba kuwafanya wasomaji wa Afrika Mashariki wazungumze juu ya kitabu kama wanavyozungumza juu ya mtu waliyeishi naye.

Haifai kusubiri msiba. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina viti, ina meza, ina vitabu. Soma Book Café ya Mikocheni imekuwa ikiwakutanisha waandishi na wasomaji. Nairobi ina maktaba ya McMillan tangu mwaka 1931. Kinachokosekana zaidi ni nakala. Kundi la watu kumi wanaotaka kuijadili Walenisi ya Katama Mkangi au Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed linaweza kuhangaika wiki kadhaa madukani na kwa wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara na kupata nakala mbili. Kenya, tangu mwaka 2013, kitabu kinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na mzazi anayenunua vitabu vya lazima vya shule habaki na kitu cha kununulia kimoja cha kujisomea. Wachapishaji nao huchapa kile ambacho wizara imekiteua, maana ndicho chenye soko la uhakika. Msomaji aliye nje ya shule hahesabiwi, na njia mojawapo ya kuhesabiwa ni kusikika.

Waandishi wapya wanamhitaji msomaji huyo kuliko wale wa zamani. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, iliwaleta mbele Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu. Mwaka 2018 ilimpa ushindi Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar kwa riwaya ya Mungu Hakopeshwa. Tanzania ina tuzo yake ya taifa ya uandishi bunifu yenye jina la Mwalimu Nyerere, na washindi wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Majaji wamesema yao, na kazi ya majaji huishia jukwaani pale bahasha inapofunguliwa. Baharoon ameandika kuhusu nyumba, ndoa na mamlaka ya wanaume kutoka ndani ya jamii anayoijua, na wapo akina mama wa Unguja, Pemba, Mombasa na Muscat wanaoweza kumwambia kwa undani wapi amepatia na wapi amewaonea huruma mno watu wasiostahili. Mungu Hakopeshwa inapatikana madukani. Waliokwisha kuisoma waseme sasa, wakitaja tukio na ukurasa, na wasiokubaliana nao wawajibu.